Benchi la Wageni

Fundi cherehani alikuwa bado anaikumbuka harufu ya kanisa la utotoni mwake: vanishi ya mabenchi, na unyevu wa birika la ubatizo chini ya mbao za jukwaa. Lo, raha iliyoje siku zile! Baba yake ndiye aliyekuwa mchungaji, na watu walimwita Mzee Msimamo. Kwake yeye, kanisa ni hawa hapa, wanaojuana, wanaouguzana na kuzikana.

"Kanisa la ulimwengu wote?" alikuwa akicheka. "Ukiugua, hilo litakuja kukuchotea maji?"

Fundi akaolewa mji mwingine, akahamia kanisa la huko, la Wabaptisti vilevile kama la baba. Siku aliporudi kusalimia, sahani ya mkate wa Meza ya Bwana ikapitishwa, na baba akamruka. Meza ni ya washirika wa hapa, basi. Binti yake wa kumzaa! Alilia njia nzima.

Miaka ikaenda. Kanisa la baba likapukutika mpaka akabaki peke yake, jengo likageuzwa ghala la saruji. Fundi akamchukua akae kwake. Kila Jumapili ya mkate mzee aliketi benchi la wageni, mikono magotini, sahani ikimpita.

"Baba, kula basi. Sote si wa Kristo?"

"Wa Kristo, ndiyo. Wa hapa, bado. Mimi nina kanisa langu."

"Lipi? Lile la saruji?"

Alijuta palepale.

Jumapili ya mkate iliyofuata, kabla meza haijafunuliwa, mzee akainuka na fimbo yake.

"Kanisa langu limekwisha," alisema. "Naomba mnipokee."

Kwa Wabaptisti, waamuzi ni washirika wenyewe. Mchungaji akasema anayekubali anyooshe mkono. Mikono ikapanda kanisa zima, ila wa Fundi ukabaki mapajani. Kumbe kinyongo ni kizito hivi! Na mzee alikuwa anamtazama yeye tu. Fundi akaikumbuka mikono ya baba ilivyomshika ndani ya birika asizame, siku alipombatiza. Akaunyoosha wake juu kabisa, machozi yakimtoka.

Mzee akaja kuketi kando yake. Sahani ilipomfikia, akaishika kwanza bila kula.

"Haya, umebadili msimamo," Fundi akamnong'oneza.

"Thubutu! Nimehama benchi tu." Akamsogezea sahani. "Chukua wewe kwanza, mwanangu."