Mkubwa Angoje Eda Ishe

Ukipita Mtambile utaonyeshwa nyumba ya ghorofa, nyeupe, ina mlingoti wa bendera mbele, na utaambiwa hiyo ndiyo nyumba ya kufikia Mkubwa wa nchi. Itikia, usibishane na watu. Lakini ukitaka tarikhi yake niulize mie Kijakazi, kwa sababu nyumba ile kaijenga kaka yangu Ngwali, na Mkubwa wa nchi, sijui yupi kati ya wote waliotajwa, hajapata kulalia hata mto wake.

Ngwali, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mfupi mwenye mambo marefu. Mwaka mmoja karafuu zilizaa mpaka matawi yakavunjika. Wenye akili zao wakanunua mashamba, wengine wakaenda Hija. Kaka yangu akajenga ghorofa. Akatia na madirisha ya vioo, sijui ili nani amtazame, maana jirani zake walikuwa mikarafuu. Mkewe Mwanawema alichuma, akachambua, akaanika, akabeba mawe kichwani mpaka mimba ikamtoka, na baada ya ile hakupata nyingine. Nyumba ilipokwisha, Ngwali akasimama uwanjani akasema, "Hii nyumba yangu." Ndivyo walivyo wanaume, hodari wa kujenga kwa mikono ya wake zao.

Nisikufiche, mie na wifi yangu hatukupendana. Yeye alisema nina mdomo, nami nilisema ana kiburi, na sote wawili tulisema kweli.

Ngwali alikufa mwaka wa sitini na tatu, vuli inaanza. Mwanawema akaingia eda, miezi minne na siku kumi ya mjane, hatoki, hajipambi, haonani na mwanamme asiyekuwa maharimu wake. Akajifungia chumba cha juu nyuma ya pazia. Wazazi wake kule Wambaa walikwisha kufa, ndugu hana, mtoto hana. Alikuwa na nyumba ile tu. Nikawa mie ndiye wa kumpelekea chakula na kumjibia hodi, kwa sababu hapakuwa na mwengine.

Matanga hayajapoa, Karani Silima akabisha hodi. Silima alikuwa mtu wa kwetu, karani wa serikali, ana adabu mpaka inakera. Siku ile kaja na tarbushi jekundu na tai. Akaniuliza hali yangu, hali ya mbuzi wangu, hali ya goti langu, kisha akasema nchi karibu itapata uhuru, na Mkubwa wa nchi atakuja kuitembelea Pemba. Yatakiwa nyumba ya kufikia inayolingana naye, na huku kwetu kusini hakuna nyumba yenye vioo ila hii. Serikali imeitaka.

"Na mjane mtamweka wapi?" nikamuuliza.

Silima akainamisha macho. Kumbe alikwisha kuwaambia wakubwa wake kwamba nyumba haina mtu.

"Mke wa watu, tena yumo eda," akasema kwa sauti ndogo, "nitamtaja vipi mbele ya Wazungu, Bi Kijakazi? Si ni aibu?"

Hiyo ndiyo adabu yetu Wapemba. Tutakustiri mpaka ukose pa kulala.

Basi wakaja wapaka rangi. Wakapaka nje, wakapaka ndani, vyumba vyote isipokuwa kimoja, maana kila aliyefika penye pazia alikohoa akarudi nyuma na ndoo yake. Mlingoti wakauchimbia katikati ya sakafu ya kuanikia karafuu. Mwanawema akaniuliza toka ndani, "Wifi, wanafanya nini hao?"

"Wanakupakia rangi bure," nikamwambia. "Una bahati."

 Kisha akasema, "Waambie wasimwage kwenye ngazi, nimezisugua mwenyewe." Nilipokuwa nataka kuondoka akaniita kwa jina langu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Kijakazi, nikitoka eda watanitoa. Mie sina pengine." Sauti yake haikuwa na kiburi hata chembe, na mie iliniuma. Nilitamani anitukane kama zamani.

Uhuru ukaja mwezi wa Disemba. Silima akarudi, tarbushi lile lile, ila safari hii na joho juu yake, kaazima wapi sijui, linafagia mchanga. Kaleta bendera mpya, kitanda cha samadari na chandarua, na choo cha kukalia kilichofunikwa kitambaa cheupe, kimebebwa na watu wanne taratibu kama bwana harusi. Mtambile nzima ikatoka kukitazama. Mkubwa, akasema, atafika Januari.

"Na akikutana na mjane njiani kwenda chooni?"

"Tumuombe Mungu wasikutane," akasema Silima.

Mungu alijibu haraka kuliko alivyotaka yeye. Januari ikaingia, serikali ikapinduliwa, na Mkubwa yule akaenda zake bila ya kukiona choo chake.

Nikadhani tumepona. Silima huyo, anakuja. Safari hii kavaa shati la kaki, kichwa wazi, ananiita "ndugu", na nyuma yake vijana wawili wana bunduki.

"Tarbushi li wapi?" nikamuuliza.

"Tarbushi gani?" akasema, akatazama minazi.

Akanieleza kwamba mambo sasa ni mapya. Zamani nyumba hii ilichukuliwa kwa ajili ya Mkubwa. Sasa ni mali ya wananchi wote, na wananchi wote wanaitoa kwa ajili ya Mkubwa. Nikasema sioni tofauti. Akasema tofauti ni kubwa ila inataka elimu.

"Mwanawema si mwananchi?"

"Mwananchi hasa," akasema. "Ndiyo maana naye anatoa."

Wale vijana wakapanda juu na viatu vyao. Nikawafuata, nikasimama kando ya pazia.  "Humu yumo mjane," nikawaambia, "na eda haijesha. Nani katika nyinyi atakayeanza kulinyanyua pazia hili?" Wakatazamana. Mmoja akamgeukia Silima. "Si ulisema nyumba haina mtu?" Silima akaona viatu vyake vina vumbi. Bunduki zile zilipindua dola nzima, lakini pazia la kanga halikuguswa. Wakashuka, wakakaa barazani, wakanywa kahawa yangu, wakasema watangoja. Mjane mmoja, eda moja, serikali tatu. Sijui vitabu vya tarikhi vitasema nini, lakini mie nilikuwepo nasomba maji.

Ila eda nayo ina mwisho wake, na serikali ile haikuwa na haraka. Siku ikafika. Wanawake wakaja na udi na maji ya karafuu, wakamkosha, wakamvisha kanga mpya. Siku kama ile kwetu huwa na furaha yake, mjane anarudi kwa watu.  Chini Silima anangoja na kufuli.

Mwanawema akashuka taratibu, mkono ukutani. Hakulia, hakumlaani mtu. Alipofika mlangoni akasema, asimtazame Silima usoni, "Ngazi ya tatu ina ufa. Mkubwa asije akaanguka." Akatoka na kibunda cha nguo, akaja kukaa kwangu, kwenye kibanda kinachovuja. Mie mwenye mdomo nilikosa neno. Nililia mpaka yeye ndiye akaninyamazisha.

Silima akalipwa wema wake. Akafanywa mlinzi wa nyumba ya Mkubwa, alale humo humo na mkewe Siti. Si juu, hasha, juu ni kwa Mkubwa. Wakapewa ghala la chini, alimokuwa Ngwali akiweka magunia. Kila asubuhi apandishe bendera, kila magharibi aishushe, kwa sababu Mkubwa huweza kufika siku yoyote. Masika yakaja kwa fujo. Watu wamejifunika majumbani, Silima yu mlingotini anavuta kamba, maji yanamchirizika shingoni. Tulimpigia kelele aache. Akajibu, "Je, akifika leo?" Kifua kikamshika, na kabla ya masika kwisha tukamzika. Mkubwa hakufika, hata mazikoni.

Siti akaingia eda mle ghalani. Wiki haijapita, tukasikia kaja karani mwengine kutoka mjini, kijana, kumwambia ahame, nafasi ya mlinzi inatakiwa.

Nikasema, "Malipo ni hapa hapa duniani." Nikavuta kibao changu nikakaa vizuri, nataka kuila raha yangu. Mwanawema alikuwa jikoni anapika uji. Akautia kwenye bakuli, akalifunga kwa kitambaa, akajitanda kanga.

"Wapi hiyo?"

"Kwa Siti. Mjane halazwi peke yake."

"Mwanawema, mumewe kakutoa nyumbani mwako."

"Mumewe," akasema. "Naye kafa. Utanifuata, au utakaa na mdomo wako?"

Nikafuata, nikinung'unika njia nzima.

Karani kasimama mlangoni, tai imembana. Akatuamkia vizuri, mtoto wa watu wa Wete, ana adabu, nikajua hapo hapo kwamba kuna jambo. "Shikamoo, mama zangu. Samahani, hapa haruhusiwi mtu kuingia. Ofisini wanajua nyumba hii haina mtu."

"Nani kawaambia?" akauliza Mwanawema.

Kijana akainamisha macho. "Mie," akasema. "Mke wa watu, tena yumo eda. Ningemtaja vipi mbele ya wakubwa?"

Mwanawema akacheka. Tangu Ngwali afe sijamsikia kucheka, na kwa kweli hata kabla yake. Alicheka mpaka uji ukamwagika kidogo.

"Umesema vyema, mwanangu," akamwambia. "Wala usiwageuzie maneno, kawaambie hivyo hivyo. Nyumba haina mtu. Na Mkubwa angoje."

"Angoje mpaka lini, mama?"

"Mpaka eda ya Siti ishe. Na akifa mwengine, tutaona."

Kijana akasogea. Angefanya nini? Hakutaka kuguswa na kanga ya mwanamke. Mwanawema akaingia ghalani, akampa Siti uji, akamkalisha vizuri kitandani, akamwambia atalala naye nyumba moja mpaka atoke. Siti alikuwa akilia na kusema, "Nisamehe, dada," na Mwanawema akimwambia anywe kwanza, utapoa. Mie nilisimama ukumbini, sina la kusema, siku ya pili katika maisha yangu.

Kisha nikamwona anapanda juu. Hakutazama chini, ila ngazi ya tatu aliiruka. Nikasikia anavuta ile samadari ya serikali kuiondoa njiani, halafu nikasikia anafungua vioo, dirisha moja baada ya jengine.