Chokea Kwenye Jalada

Uligeuza uso alipoketi karibu nawe kwenye benchi la wagonjwa. Usikatae. Ulimwona fundi cherehani na bandeji yake jichoni, ghafla ukawa msomaji hodari wa bango la kunawa mikono.

Mwaka mzima kile kivimbe cha kope yake kiliitwa chokea. Zahanati wakampa dawa ya kupaka. Kikakaidi. Wakakipasua, kikarudi palepale, na wao wakarudi na neno lao lilelile. Wateja wakamtania, "Fundi, ulichungulia nini?" Akacheka nao huku anatunga uzi kwa jicho moja. Mpaka daktari mmoja mwenye akili zake alipokata kipande cha nyama yake akakipeleka maabara: saratani ya tezi za kope, adimu. Wakaondoa nusu ya kope, wakamshona, wakamwambia mionzi ianze kabla ya wiki sita, mabaki yasije yakaota.

Leo ni wiki ya tano. Fundi alipoitwa mezani, karani wa mionzi alitazama faili, hakulifungua.

"Mama, hapa pameandikwa chokea. Mashine hii ni ya saratani."

"Majibu ya maabara yamo humo ndani."

"Mimi nasoma jalada. Likasahihishwe, urudi baada ya wiki tatu."

Wifi yake aliyemsindikiza akachemka. "Jalada! Kwa hiyo kaka, ukivaa shela tukuite bibi harusi?"

Benchi zima lilicheka. Nawe ulicheka.

Fundi hakucheka. Tano na tatu ni nane; hesabu hiyo haikuhitaji macho mawili. Neno moja la uvivu lilikwisha kumla nusu ya kope, na sasa lilitaka jicho zima.

"Mshono ukikosewa," alisema, "mimi huwa nafumua hapohapo."

Akachomoa kifumulio mkobani, akabandua ile lebo ya chokea kwenye jalada. Akatoa karatasi ya maabara, akaibana juu kwa pini mbili, akalisukuma mezani.

"Haya, jalada hilo. Soma."

Karani hakusoma. Aliinua simu. "Mlinzi! Kuna mama hapa anaharibu nyaraka."

Wifi akageukia benchi. "Jamani, hamna midomo?"

Hatua za mlinzi zinasikika koridoni, nawe unakagua viatu vyako kama umevinunua leo. Macho yako yote mawili ni mazima. Inuka. Nenda pale mezani, ishike karatasi ile, uisome kwa sauti mpaka daktari wa mionzi atoke chumbani mwake. Sasa hivi, kabla mlinzi hajafika!