Droo ya Tatu ya Kabati la Bi Delia

Jumanne ya pili ya Machi, saa nne kasorobo asubuhi, Gobnait Sheehy alikuwa amepiga magoti kwenye tope la Kiltarra, akifagia udongo kwa brashi ndogo ya kupakia rangi, alipofikia goti la mtu mzima ndani ya droo ya kabati. Alilipima goti, akalipiga picha, akaandika namba 212 kwenye kibandiko. Kisha akaenda kunywa chai, maana mvua ilikuwa imekatika na mvua ya kule haikatiki kwa muda mrefu.

Yeye na wanaakiolojia wenzake walikuwa wanachimbua makaburi ya monasteri kabla barabara mpya haijapita juu yake. Watawa wenyewe walikuwa wamelala kwenye mistari yao tangu miaka mia nane iliyopita, miguu mashariki, kila mmoja na namba yake. Juu yao, kwenye udongo wa kina cha mkono, walizikwa watoto. Hao walitarajiwa. Hakuna mtu Kiltarra ambaye hakujua kwamba mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa hakuruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa. Baba alimbeba kabla jua halijachomoza, kwenye sanduku la siagi au la sabuni, chochote kilichokuwapo, akamzika kwenye magofu ya watawa, akarudi kukamua ng'ombe. Mama alikuwa bado kitandani na hakuambiwa ni wapi. Mambo hayo yaliendelea mpaka mwaka 1964, na ni aibu yetu sote, ingawa kila mtu aliishi nayo kama anavyoishi na paa linalovuja.

Ambacho hakikutarajiwa ni kwamba watoto walikuwa wamekua. Katika masanduku yale thelathini na saba hapakuwa na kichanga hata mmoja. Binti aliyezikwa mwaka 1931 alikuwa bibi mwenye mgongo uliopinda. Wa mwisho, yule wa 1964, alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mbili. Sanduku la siagi lilikuwa na urefu wa dhiraa moja tu, na wote walitosha. Ultan Durcan, msimamizi wa kazi, alizisoma fomu mbili tatu za mwanzo, akauliza kama fomu za watu wazima zilizobaki zitatosha.

"Yaani wamekua humohumo?" aliuliza Fursey, dereva wa tingatinga, akichovya biskuti kwenye chai.

"Wamekua."

"Na nani kawalea, ukiacha minyoo?"

Gobnait alielekeza mwiko wake wa kuchimbia kwenye mistari ya watawa. Mtawa huzikwa akitazama juu. Hawa walikuwa wamegeuza mafuvu yao, kila mmoja kuelekea sanduku lililo karibu naye.

"Alaa," alisema Fursey. "Mababu wa watu, hata nepi hawaijui."

"Walijifunza."

Jioni hiyo Fursey alipita kwa Bi Delia Geraghty, kama alivyozoea kupita, kwa sababu mkate wake wa magadi ulikuwa mzuri kuliko wa mkewe na yeye hakuwa na haya ya kulisema hilo hata mbele ya mkewe. Akasimulia kuhusu droo. Ilikuwa ya mbao za msonobari, na kifundo chake cha kaure nyeupe kilikuwa na mstari wa buluu.

Bi Delia aliliweka birika chini. Kabati lake la vyombo lilikuwa na nafasi za droo tatu, lakini droo zenyewe zilikuwa mbili. Nafasi ya tatu aliitumia kuwekea nyuzi. Asubuhi moja ya mwaka 1957 alipoweza kuamka kitandani aliikuta droo haipo, na mumewe Mártan akamwambia imeliwa na dumuzi. Hakumuuliza tena. Mártan alikuwa mtu mwema na mwoga, akafa mwaka 1991 bila kuongeza neno kwenye jambo hilo. Kwa miaka thelathini na minne walikula chakula wakiwa wamekaa mbele ya lile tundu.

"Bi Delia, nimesema kitu kibaya?" aliuliza Fursey.

"Maliza mkate wako, Fursey. Kesho unipitie na gari."

Alifika makaburini akiwa na droo ya pili kwapani, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowane. Alikuwa na miaka sabini na sita. Ultan alitaka kumweleza kuhusu kofia ya usalama, lakini alimwangalia usoni akaacha. Droo ziliwekwa ubavu kwa ubavu kwenye ubao, na vifundo vilikuwa mapacha.

"Huyo ni wangu," alisema Bi Delia. "Anaitwa Colman. Jina nimempa mimi, hajapewa na mtu mwingine."

Aliletewa kiti. Alimtazama mwanawe jinsi alivyolala mle ndani, mwanamume mzima.

"Mkunga alisema hakulia," alisema. "Mimi nilimsikia. Walisema ni paka." Kisha akamgeukia Gobnait. "Wanasema wewe unasoma mifupa, binti. Nisomee basi."

Gobnait alikuwa ameisoma mifupa ya watu elfu moja na mia mbili na hakuwahi kumsomea mama wa hata mmoja. Alipiga magoti.

"Alikula vizuri. Meno yamelika, mkate wa shayiri huo. Samaki pia."

"Samaki," alisema Bi Delia. "Baba yake hakuweza hata kunusa samaki."

"Hapa alivunjika mkono akiwa na miaka kama saba. Kuanguka, huko. Labda kwenye mti."

"Nani alimfunga mkono?"

"Mtu aliyejua kazi. Umeunga sawasawa, tena waliubadilisha ubao mara kwa mara. Hawakumwacha hivihivi."

"Alilia?"

"Hilo halionekani kwenye mfupa, Bi Delia."

"Basi endelea."

"Magoti haya ni ya mtu anayesali sana. Au anayepalilia viazi, yanafanana. Mkono wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto. Mgonjwa hakuwa. Mtu mwenye afya kabisa. Mimi hapa sioni kilichomuua."

Bi Delia alilia wakati huo, kwa sauti, na Fursey akaenda kusimama nyuma ya tingatinga lake akijifanya anakagua mnyororo. Alipomaliza kulia alifuta uso kwa kiganja, akauliza kimo chake. Futi tano na inchi kumi. Akauliza urefu wa mkono, kuanzia begani hadi kifundo, na upana wa kifua. Gobnait alimpimia kwa chuma cha kupimia mifupa, na Bi Delia akaandika nyuma ya bahasha.

Alitaka jambo moja tu: Colman azikwe na baba yake, jina lake liandikwe kwenye jiwe chini ya la Mártan, ili siku ya Bi Delia ikifika naye ajue anawekwa karibu na nani. Gobnait alimwandikia barua ya kurasa mbili. Ofisi inayohusika na mifupa ilijibu baada ya wiki kumi. Ilisema mtoto aliyefia tumboni wakati huo hakuandikishwa popote, kwa hiyo hakuna cheti, na pasipo cheti hakuna jamaa. Ilisema pia kwamba mtu mzima anayekutwa kwenye makaburi ya watawa huhesabiwa kuwa mtawa, na watawa ni mali ya taifa. Padre alikuwa kijana mpole, alimshika mkono Bi Delia kwa mikono yake miwili. Alisema siku hizi Kanisa halifundishi tena yale mambo ya zamani. Lakini daftari la maziko lilidai namba ya ubatizo, na nafasi ya namba hiyo ikiachwa wazi daftari halipokelewi jimboni.

"Si mbatize sasa," alisema Bi Delia.

"Waliokufa hawabatizwi, Bi Delia."

"Na kufa amekufa lini, Padre? Niambie wewe, maana mwenye kusoma mifupa kashindwa."

Padre akaomba chai.

Bi Delia alifuma sweta kwa sufu ya kijivu, futi tano na inchi kumi, bega la kushoto limeshushwa kidogo kama alivyoelekezwa. Lilimchukua mwezi wa Mei wote. Gobnait alilikunja akaliweka ndani ya sanduku la karatasi ngumu lililoandikwa 212, juu ya mifupa, ingawa hakuruhusiwa. Masanduku yote yakapakiwa kwenye gari yakapelekwa ghala la Dublin. Watawa waliwekwa rafu za upande mmoja na watoto upande mwingine, kwa sababu ghala hupangwa kwa namba za makaburi. Barabara ilifunguliwa Oktoba. Siku hizi ukitoka Kiltarra unafika mjini dakika tisa mapema.

Februari mtu wa posta alimletea Bi Delia kifurushi. Ndani palikuwa na barua fupi ya ghala: sufu huvutia nondo, na vitu visivyoorodheshwa haviruhusiwi kukaa na mabaki, kwa hiyo kitu hiki kinarudishwa. Chini ya barua palikuwa na sweta. Lilinuka moshi wa mboji kavu, ile inayochomwa kama kuni. Ukosi ulikuwa umelegea kwa kuvuliwa na kuvaliwa, pindo la mkono mmoja lilikuwa na ukoko wa uji wa shayiri, na viwiko vilikuwa vimeisha, cha kulia zaidi ya cha kushoto.

Bi Delia alilifua kwa maji ya uvuguvugu, akalianika juu ya jiko. Lilipokauka alitoa sufu ya kijivu iliyobaki kwenye nafasi ya droo ya tatu, akakaa karibu na dirisha, akaanza na kiwiko cha kulia. Ilimchukua siku mbili. Aliongeza soksi, kwa kukisia ukubwa wa mguu. Halafu akafunga kila kitu kwenye karatasi ya kaki, akaandika anwani ya ghala, na juu yake, kwa herufi kubwa, akaandika 212, kwa sababu kwa jina la Colman kifurushi kisingefika.