Kioo Kisichopimwa

Kamera zilikuwa mbili, zimefunikwa shuka moja, na mzee alisimama kando yake akiwa ameivaa ile sura yake ya kutotaka maswali. Mikono aliificha kwapani.

"Moja nimeitengeneza mimi, moja kaka yako," alimwambia bintiye. "Ipi ya nani, usiulize. Wewe ndiye mpiga picha hapa, chagua ya kwenda nayo kazini. Aliyeitengeneza hiyo utakayoichagua ndiye atakayekaa benchi la dirishani. Mwingine atahamia kule nyuma, kwenye gundi na msasa. Nimemaliza."

Mzee akisema amemaliza, amemaliza. Marehemu mkewe alikuwa akisema kwamba ukitaka kubishana na mume wake ni heri ubishane na ukuta, maana ukuta angalau haukunji uso.

Karakana yao ilitengeneza kamera kubwa za mbao, zile za kukunja, ambazo mpiga picha huzibeba mgongoni, akazisimamisha juu ya miguu mitatu, kisha akajifunika kitambaa cheusi na kuitazama dunia ikiwa kichwa chini miguu juu kwenye kioo cha ukungu. Watu wenye haraka zao hawazitaki. Wanaozitaka huzingoja miezi, na walikuwa wakimngoja mzee huyu kwa sababu ya jina lake. Benchi la dirishani, lenye mwanga kuliko yote, alilikalia tangu kabla binti hajazaliwa.

Binti naye alikuwa na shida yake. Kamera yake ya zamani ilikuwa imeporomoka ngazi nzima na kuvunjika mgongo. Na keshokutwa ndiyo siku pekee aliyoruhusiwa kuingia kwenye ukumbi wa stesheni ya zamani, kuupiga picha kabla tingatinga hazijaufikia. Akikosea, hakuna ukumbi wa kurudia. Kazi kama hiyo aliisubiri maisha yake yote.

Lakini siyo hiyo tu iliyomsumbua. Kabla hajaingia, kaka yake alikuwa amemvizia bombani, akinawa mikono isiyokuwa na uchafu wowote.

"Ukinipenda," alimnong'oneza, "chukua ya mzee."

"Nitaijuaje?"

"Utaijua tu. Na tafadhali, dada, usilete ujuaji wako."

Kaka huyu baba yao alimbatiza jina la Kobe, kwa kuwa ubao mmoja aliweza kuusugua tangu asubuhi mpaka watu wanafunga. Mtu asiye na haraka wala maneno. Kumwona akibembeleza namna ile kulimtia dada yake wasiwasi.

Sasa Kobe alikuwa amesimama mlangoni akijitia anakagua msumeno. Mzee akalivuta shuka.

Kwa mbali zilikuwa pacha: mbao ileile nyekundu, shaba ileile, ngozi ileile nyeusi. Binti akaanza na ya kushoto. Akaifungua, akausimamisha uso wake wa mbele, akavuta mvukuto, ule mkunjo mrefu wa ngozi unaounganisha lenzi na kioo. Ulikuwa mgumu kidogo, unataka kusukumwa. Vishikio vyote vya kurekebishia vilizunguka bila kukwama. Akajifunika kitambaa, akaelekeza lenzi kwenye mti wa nje, akautafuta mpaka kila jani likasimama peke yake. Kamera nzuri. Kamera ya mtu asiyekuwa na haraka.

Akahamia ya kulia.

Skrubu zote zilikuwa zimelazwa upande mmoja. Kila mfuo wa kila skrubu ulitazama kule mwenzake alikotazama, kama askari kwenye gwaride. Ulikuwa ugonjwa wa mzee huo. Alikuwa akisema skrubu iliyokwenda kombo inamkosesha usingizi hata ikiwa nyumba ya jirani. Na mvukuto! Ulifunguka wenyewe, laini, ukakaa hewani bila kulegea tumbo, na alipourudisha ukajilaza mkunjo juu ya mkunjo mpaka ukawa mwembamba kama kitabu cha shule.

Ilikuwa ya baba yake, hapana ubishi. Swali ni mikono ile iliwezaje. Mwaka huo wote mzee alikuwa akimwaga chai na kuvilaumu vikombe vya siku hizi. Juzi tu alishindwa kufunga kifungo cha shati lake, akavaa fulana, akasema ni joto.

Alijifunika tena kitambaa. Mti uleule, umepinduka, na majani yalisimama vizuri tu. Lakini binti alijua kwamba kioo kinaweza kumdanganya mtu. Kioo cha ukungu lazima kikae mahali palepale filamu itakapokaa. Kikisogea kwa unene wa unywele, jicho litaona picha kali, filamu itapata ukungu. Ndiyo maana kamera yoyote aliyokabidhiwa, iwe ya nani, aliipima kwa kile kichuma chembamba cha kupimia kina, kwanza kioo, kisha kibebeo cha filamu, halafu akalinganisha. Kichuma chenyewe kilikuwa pale pale benchini, mbele ya pua yake.

Mkono ukakisogelea, ukasita.

Akikipima kioo na kikaonekana kimekosewa, atasema nini? Atasemaje mbele ya mzee huyu, na benchi lile nyuma yake, na mwanga umemmulika mvi zote? Aliona aibu kwa niaba yake. Akaona bora apime nyumbani, peke yake, na ikibidi amwite Kobe airekebishe kimyakimya. Akapiga moyo konde, akajitoa kitambaa.

"Hii," alisema, akiweka mkono juu ya ile ya kulia. "Hii ndiyo bora."

Kobe akashusha pumzi mlangoni. Mzee hakusogea.

"Hukupima," alisema.

"Baba, nimeangalia kwenye kioo. Picha ni kali."

"Sikukuuliza habari ya picha. Mwezi uliopita ulimpima fundi wa watu kioo mara mbili mpaka akanuna. Leo hukupima. Kichuma hicho hapo. Pima."

Binti akalisogelea benchi. Alikichukua kichuma, akakisimamisha juu ya fremu ya nyuma, akakishusha taratibu mpaka kikagusa kioo. Akasoma. Akapima kibebeo. Akasoma. Alihisi machozi ya furaha, kwa jinsi vilivyolingana.

"Sawasawa, baba! Havijapishana hata kidogo."

"Pima tena."

Akapima tena. Sawasawa. Akainua uso akitabasamu, akakuta uso wa baba yake umesawijika.

Mzee alivuta stuli, akaketi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliitoa mikono kwapani na kuiweka mapajani, ikawa inatetemeka mbele yao waziwazi.

"Juzi jioni," alisema, "niliichomoa fremu ya kioo hicho, nikaweka kipande cha maranda chini yake. Utepe mwembamba wa mbao, uliotoka kwenye randa yangu mwenyewe. Nilikiharibu kwa makusudi. Nani amekitoa kipande hicho?"

Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Kobe, nimeuliza."

"Mimi, baba." Sauti ya kaka ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani. "Nilidhani ni bahati mbaya. Nilidhani kimeingia wakati unafunga."

"Na kamera za kabla ya hiyo?"

Kobe akatazama sakafu.

"Mikono inatetemeka hivi," mzee akasema, "na hakuna kamera hata moja inayorudishwa. Nikajiuliza, wateja wangu wamekuwa vipofu wote kwa mpigo? Umeanza lini?"

"Tangu kamera ya yule mteja mwalimu iliporudi. Ilirudi haifungi. Sikukwambia. Tangu hapo kila ukienda kulala mchana, mimi ninazifungua."

"Na skrubu?"

"Nazilaza, baba. Zote. Kama unavyozilaza wewe."

Mzee alicheka, kicheko kibaya, kilichokatika njiani. "Mmoja ananirekebisha kwa siri, mwingine ananisifia bila kupima. Mmenizika, jamani, na mimi bado nawasikia." Akamgeukia binti. "Wewe ungepima, ungekuta sawa, ukaniambia, ningemjua mwizi wangu ni nani bila kukudhania vibaya. Au ungekuta maranda, ukanikemea, nami ningehamia huko nyuma na roho yangu safi. Ulichagua nini pale?"

"Nilikuchagua wewe," binti akasema, machozi yakimtoka.

"Sikuwa juu ya meza."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kofi. Binti akajifuta uso kwa kile kitambaa cheusi alichokuwa bado amekishika.

Mzee aliinuka. "Onyesha ulipogusa," alimwambia mwanawe. Kobe akasogea, akaonyesha kwa kidole kimoja kimoja: reli, uso wa mbele, bawaba, kioo. Kila alipoonyesha mzee aliitikia kwa kichwa, kama daktari anayesomewa dalili zake mwenyewe.

"Na mvukuto?"

"Huo sijaugusa."

"Unaapa?"

"Haki ya Mungu, baba. Hata ningetaka nisingeweza. Wangu umekuwa kama ubao."

Mzee akaunyofoa mvukuto wake kwenye kamera, akaushika kwa mikono miwili uache kuchezacheza. "Twendeni stoo."

Stoo haikuwa na dirisha. Walijibana watatu kati ya mbao, mlango ukafungwa, na giza likawa giza kweli. Kobe akawasha tochi, akaizamisha ndani ya mvukuto, akaziba midomo yake yote miwili kwa kitambaa. Kazi ya mvukuto ni moja tu, kuzuia mwanga. Tundu la sindano linatosha kuharibu filamu.

Wakangoja macho yazoee. Mwanzoni binti hakuona kitu, akaanza kumshukuru Mungu. Kisha akaiona. Nukta moja nyeupe, kwenye kona ya chini, upande wake. Alipepesa macho akiomba iondoke. Haikuondoka.

Kobe naye aliiona, maana vidole vyake viliukamata mkono wa dada yake, vikaubana. Hakuhitaji kusema. Nyamaza. Mwachie mzee hiki kimoja tu.

"Kuna mwanga?" sauti ya baba yao ikauliza gizani.

Binti alimsikia akipumua. Alimsikia akingoja. Tundu dogo hivyo angeweza kuliziba mwenyewe kesho, na mzee asijue mpaka anaingia kaburini. Akautoa mkono wake kwenye vidole vya kaka.

"Upo, baba. Tundu moja. Kona ya chini, upande wangu."

Kobe aliguna kama aliyekanyagwa.

"Nimeliona kabla yako," mzee akasema. "Macho yangu hayajambo, mikono ndiyo imenikimbia. Nilikuwa nangoja nione kama kuna mtu humu atakayeniambia." Akapapasa, akapata bega la binti, akalishika, na bega likatetemeka pamoja na mkono. "Haya, fungueni mlango, kuna joto."

Walipotoka, mzee hakwenda dirishani. Alibeba stuli yake mwenyewe, akawakataza wasimsaidie, akaiburuza mpaka nyuma kwenye meza ya gundi.

"Kobe, kaa pale. Mwanga wote ule unapotea bure."

Kobe alikwenda shingo upande, akaketi dirishani kwenye ukingo tu wa benchi, kama mgeni.

"Nachukua ya kaka," binti akasema. Sauti ilimtoka sawasawa, mwenyewe akashangaa. "Vyuma vyake na mbao zake. Lakini mvukuto nautaka wako, baba. Ukishauziba."

Mzee alikuwa ameshachovya brashi kwenye gundi. Matone yalikwenda mezani, yakaenda kwenye suruali, na hakuna aliyenyanyuka. Alikata kipande cha ngozi, kikaenda upande, akakata kingine.

"Na nitaujaribu tena gizani kabla sijaondoka," binti akaongeza.

"Ole wako usipoujaribu," mzee akasema, akainama akitafuta kona yenye tundu.