Kiti cha Mapafu

Kila siku ya mazoezi ya bendi, yeye ndiye aliyepiga pasi sare ya mume wake. Suruali ilinyooka mpaka mkunjo ukaweza kukata mkate, vifungo vya shaba viling'aa, na kola ilikaa wima kama imekemewa. Akimaliza humvisha koti kwa mikono yake, humpangusa mabega hata kama hayana vumbi, halafu husema, "Haya, Baba Watoto, nenda kapulize." Naye mume, mtu mchangamfu, mpenda watu, hushuka ngazi akipiga mluzi. Mlango ukishafungwa tu, mke hukimbilia jikoni kufungua dirisha.

Ukumbi wa bendi ya manispaa ulikuwa nyuma ya kituo cha zimamoto, mtaa wa pili kutoka kwenye jengo lao, na upepo ukiwa upande wake alisikia kila kitu. Alisimama pale na kitunguu na kisu, masikio yote nje. Ngoma kubwa, aa, leo mpigaji kashiba. Wapiga zumari wamechelewa kuingia, kama kawaida yao. Na huyo sasa mume wangu, anaipandia nota ya juu, anapanda, anapanda... kaiparaza! "Pumzi, baba, pumzi!" aliiambia sufuria. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vikibonyeza mpini wa kisu bila kutumwa na mtu. Machozi yakimtoka, lawama kilibebeshwa kitunguu.

Maana mwanamke huyu, jamani, hakuzaliwa kuwa msikilizaji. Kabla hajawa Mama Watoto aliitwa Mapafu. Jina hilo alipewa na wanabendi siku ya gwaride moja lililonyeshewa mvua, wapulizaji wote wamelowa chapachapa, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, naye akauchukua wimbo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho huku maji yakimtiririka usoni. Watu barabarani walikunja miavuli yao wamwone vizuri. Alikuwa tarumbeta ya kwanza, kiti cha mbele kabisa. Ubavuni mwake, tarumbeta ya pili, alikaa kijana mmoja msoma mita wa idara ya maji, aliyekuwa akikosea nota kwa kumtazama yeye badala ya karatasi. Wakaoana. Bendi nzima iliwapigia, na bwana harusi akapuliza wimbo mmoja mwenyewe, vibaya sana, kwa mapenzi tele.

Mtoto wa kwanza alipozaliwa walikubaliana mmoja wao apumzike bendi kwa muda. Walikubaliana, ndivyo wanavyosema wote wawili hata leo. Lakini ukiwauliza walikaa wapi wakakubaliana, na nani alisema nini, hakuna anayekumbuka. Mtoto alilia, mmoja akavaa koti akaenda mazoezini, mwingine akabaki amembeba mtoto. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa.

Sasa bendi ile ilikuwa na desturi yake, na desturi yenyewe ndiyo iliyomponza. Kiti hakiombwi. Aliyepumzika, hata awe hodari namna gani, haendi kwa Mwalimu wa bendi kusema nirudisheni. Akifanya hivyo ataonekana ana kiburi, anataka kumng'oa mwenzake. Anangoja aitwe. Gwaride kubwa la mwaka likiisha, Mwalimu huwatumia salamu wote waliopumzika, na mpeleka salamu ni yule aliyekuwa akikaa nao ubavu kwa ubavu. "Kiti kinakuuliza," ndiyo maneno yenyewe. Ukisema ndiyo, unarudi. Ukisema hapana, hakuna ugomvi, utaulizwa tena mwakani.

Basi Mapafu alingoja. Mwaka wa kwanza alingoja huku ananyonyesha. Mume alirudi kutoka kwenye gwaride kubwa, akavua viatu, akauliza kama kuna chai. Mwaka uliofuata alirudi akasifu supu. Mapafu alimtazama mdomoni kama mtoto anayengoja kuwekewa nyama, na mdomo ule ukasema mambo ya jua kali na umati wa watu. Hakuuliza. Kuuliza nako si kuomba? Alijiambia, wamenisahau. Baadaye akajiambia neno baya zaidi, kwamba hakuwahi kuwa hodari, walimpigia makofi kwa sababu alikuwa mwanamke peke yake kati ya wanaume, kama watu wanavyompigia makofi mtoto akivaa viatu vya baba yake. Subira yavuta heri, wanasema. Yake ilivuta vumbi, juu ya kabati, kwenye sanduku jeusi la tarumbeta. Watoto wakawa wawili. Akapata kazi ya kuuza duka la dawa, akawa muuzaji mzuri tu, mpole kwa wagonjwa. Na bado kila jioni ya mazoezi alifungua dirisha, moyo ukamwenda kule nyuma ya zimamoto, mwili ukabaki unakatakata vitunguu.

Siku chache baada ya gwaride la mwaka huu, Mwalimu wa bendi aliingia mwenyewe kwenye lile duka la dawa. Mzee mrefu, amepinda kidogo, kikohozi kimemshika kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mapafu wangu. Kumbe uko huku?"

Miaka mingapi hajaitwa jina hilo! Alihisi mgongo ukimnyooka wenyewe. Akamtafutia dawa ya kikohozi, ile ya maji, akawa anamfungia kwenye mfuko.

"Basi na mwaka huu umetukataa," mzee alisema.

"Nimekataa nini, Mwalimu?"

"Kiti, mwanangu. Usijali, sikulaumu. Mumeo kanieleza vizuri, kama anavyonieleza kila mwaka. Kwamba unashukuru, ila nyumba imekuelemea na hamu yenyewe huna tena." Akakohoa, akajifuta mdomo kwa leso. "Lakini mimi nitaendelea kukuuliza hadi nizikwe. Si unanijua? King'ang'anizi."

Mapafu alimkabidhi mfuko wake. Alimwambia anywe kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula, na chupa aitikise kwanza. Sauti yake ilitoka sawasawa, ya muuza dawa. Mzee alipotoka, Mapafu alishika meza kwa mikono miwili.

Mtu atashangaa, lakini kilichomjia kwanza kilikuwa furaha. Walimtaka! Kila mwaka walimtaka, na mwaka uliofuata wakamtaka tena! Alicheka peke yake katikati ya masanduku ya bandeji. Mteja aliyekuja kununua dawa ya minyoo alimwangalia, akarudi nyuma hatua moja. Ghadhabu ilikuja baadaye, njiani kurudi nyumbani, na ilipokuja ilikuja na mizigo yake yote.

Jioni mume aliingia na matope ya mashimo ya mita kwenye buti. Watoto walikuwa mezani na madaftari yao. Alikuwa amevua buti moja, la pili liko nusu, mke alipomwuliza kutoka mlangoni mwa jikoni, "Baba Watoto, kiti kiliniuliza?"

Mguu ukabakia hewani.

"Kiti gani kinauliza?" alidakia binti yao mkubwa, ambaye nyumbani walimwita Kasuku, na mmekwisha jua kwa nini.

"Nani kakwambia?" mume alisema.

"Kwa hiyo kiliniuliza."

Mume alikaa chini na buti lake moja. "Sikiliza, mke wangu. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa hulali. Ulikuwa unasinzia umesimama. Ningekuletea salamu zile ungefanyaje? Ungesema ndiyo, ungejiua kwa uchovu. Ungesema hapana, ungelia. Nikaona nikubebee mzigo."

"Na mwaka wa pili?"

"Wa pili mama yangu alikuwa anaumwa, na wewe ndiye uliyekuwa unamuuguza. Umesahau?"

"Sijasahau. Na iliyofuata?"

Alijikuna kichwa. Mwongo wa uso kwa uso hakuwa, masikini, na huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe. "Iliyofuata ilikuwa imeshazoeleka," alisema.

"Ungebaki wewe na watoto, niende mimi mazoezini, ningekujibia hivyo?"

"Mimi nibaki?" Na hapo kicheko kikamponyoka. Hakukitaka, hakikuwa cha dharau, kilimtoka tu kama kwikwi, kwa sababu jambo hilo lilikuwa halijawahi kupita kichwani mwake hata siku moja. Alipoona uso wa mkewe alikimeza, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kasuku akafunga daftari lake.

"Pengine ningekataa," Mapafu alisema. Alikuwa analia, na safari hii hakukuwa na kitunguu cha kusingizia. "Mwaka ule wa kwanza ningekataa kweli. Lakini ningejua wananitaka. Wewe unajua nimeishi vipi humu ndani? Nikikupigia pasi hilo koti, nikikusikiliza dirishani, najiambia, wenzako walikuona hufai, kaa kimya upike. Na wewe unakula, unasifu supu!"

"Nisamehe." Macho yake nayo yalikuwa yamelowa. "Wallahi sikujua kama bado unaitaka. Kesho asubuhi naenda kwa Mwalimu, nitamwambia..."

"Usimwambie mtu kitu."

Alivuta kigoda, akapanda, akashusha sanduku jeusi kutoka juu ya kabati. Kasuku alimkimbilia. "Mama, liache, hilo la baba!"

Neno hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote. Mtoto wa watu ana umri wa kusoma gazeti, na hakuwahi kujua.

Siku ya mazoezi sare haikupigwa pasi na mtu. Walikwenda wote, mume na makunyanzi yake, Kasuku na mdogo wake wakakalishwa kwenye benchi la pembeni na mkate wa kuwanyamazisha. Wanabendi wa zamani walipomwona mlangoni walipiga kelele, "Mapafu! Mapafu kaja!" Mpiga ngoma kubwa alimgongea tatu za heshima. Ukumbi ulinuka mafuta ya vitufe vya tarumbeta na jasho, harufu ile ile. Aliivuta puani mara mbili kwa jinsi alivyokuwa ameikosa.

"Tupulizie kidogo," Mwalimu alisema. "Wimbo wowote."

Alisimama, akajaza kifua, akauanza wimbo ule wa siku ya mvua. Nota ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka na mchanga. Alipofika pale pa kupanda, midomo ikamsaliti, na tarumbeta ikatoa mlio wa mlango wa stoo. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Kichwani, miaka yote ile dirishani, wimbo ulikuwa mzima, safi, haujapungua hata kidogo. Alikuwa ameutunza vizuri sana, ila kichwani, ambako hauna kazi. Alitamani kulia, na zaidi ya kulia alimtamani yule mwanamke ambaye angekuwa amesimama hapo sasa, yule ambaye kiti kilimwuliza akajibu mwenyewe, akakosea, akachoka, akaja na mtoto mgongoni, akapuliza. Huyo angeipanda nota ile huku anasinzia. Alimkumbuka kama ndugu aliyefariki, na hakuwahi kumwona.

"Midomo hulala, ikiamshwa huamka," Mwalimu alisema taratibu. "Lakini sitakudanganya. Kiti cha mbele kina mwenyewe sasa, na anakiweza." Mwenyewe, kijana mwembamba, aliinamisha kichwa kwa adabu. "Kipo kimoja nyuma, kule ukutani. Tarumbeta ya nne. Utaanzia hapo kama wanavyoanza wote."

Mapafu aliitikia kwa kichwa. Mzee alisema haki.

"Ila mazoezi yameongezeka siku hizi, na kuna safari," Mwalimu aliendelea. "Hatuwezi kushikilia kiti cha mtu asiyekuja. Ataweza?"

Alisema *ataweza*, na macho yake yalikuwa kwa mume. Hakuwa na ubaya, mzee wa watu, miaka yote jibu lilitoka upande huo. Na vichwa vyote vikageuka huko, mpiga ngoma, wapiga zumari, yule kijana wa kiti cha mbele. Kule kwenye benchi, Kasuku naye, mkate mdomoni, alimtazama baba yake. Mume alifungua kinywa. Akakifunga. Akainama akaangalia viatu vyake, shingo imemwiva.

Wote wakangoja. Hapo ndipo Mapafu alipogundua kwamba yeye pia alikuwa anamtazama mume wake. Amesimama na tarumbeta yake mkononi, anangoja kusikia atajibiwa nini.

Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Aliutoa uso wake kwa mume, akaugeuzia kwa Mwalimu.

"Nitaweza," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, imekauka. Mwalimu akaweka kiganja sikioni, akainama mbele. Ikabidi aseme tena.