Zamu ya Kusimulia

Nyokabi alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Tangu akiwa mdogo kwao Kinoo alimchosha baba yake: kwa nini wapangaji wa nyuma wana bomba moja na sisi tuna manne, kwa nini mlinzi anakula amesimama. Baba, ambaye nyumba zile zilikuwa zake, alijibu kwa kuongeza sauti ya redio. Basi binti alipoingia chuo cha mjini kusomea ustawi wa jamii, hakuna aliyeshangaa. Mzee alishukuru tu kwamba maswali yamepata pa kwenda.

Mwaka wa tatu walitumwa kwa mafunzo ya kazini. Yeye na mwenzake Viraj, kijana wa Muthangari ambaye mama yake alimfungashia chapati na achari kila siku kana kwamba Kangemi hakuna chakula, walipangiwa shirika dogo karibu na soko la huko. Kazi yao ilikuwa kukaa na akina mama walionusurika moto ulioteketeza vyumba vya mabati kule bondeni, kuwasikiliza na kuandika. Moto wenyewe ulikuwa wa miaka mingi nyuma, ila wanafunzi wa kuuliza hawakuisha.

Nyokabi alipewa Mama Okinyi, muuza samaki mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili. Mama Okinyi alifuta mikono, akakaa, akasimulia bila kusukumwa.

"Nilikuwa nimeenda Lavington kufua. Mtoto nikamfungia ndani na kufuli. Ungefanya nini, na majirani wote wako job? Nikaambiwa kuna moto. Nilikimbia kutoka huko mpaka hapa. Ufunguo ninayo hapa." Vidole vyake vilishika pembe ya leso aliyojifunga kiunoni. "Ninayo, lakini mlango haikaribiki."

Wanafunzi wanafundishwa wasilie mbele ya mteja. Nyokabi alilia kwa kwikwi mpaka mteja akamletea maji. Usiku ule aliandika kurasa nyingi, akazipeleka chuoni akijivunia kidogo, kusema kweli.

Wiki iliyofuata Dokta Macharia, mhadhiri wao, aliwaita yeye na Viraj ofisini. Mezani palikuwa na ripoti mbili.

"Someni," alisema, "kila mmoja ya mwenzake."

Walisoma. Viraj ndiye aliyeinua macho kwanza. "Nyokabi, hii story ni yangu. Kufuli, Lavington, ufunguo, kila kitu."

"Yako? Mimi nimepewa na Mama Okinyi!"

"Na mimi nimepewa na Mbithe, yule wa makaa."

"Wanawake wawili, kifo kimoja," Dokta Macharia alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesahihisha ripoti za uongo kwa miaka, na zilikuwa zimemchosha. "Ama mmoja wenu amenakili, ama nyote mmetunga. Alhamisi nakuja Kangemi. Mwenye hadithi hii aje mbele yangu aisimulie kwa kinywa chake. Asipokuja, mtarudia mafunzo mwaka ujao, na hilo litaandikwa kwa faili zenu."

Kwenye ngazi Viraj alikuwa anafoka. Kwake yeye walikuwa wametapeliwa, basi, hakuna zaidi. Nyokabi naye, Mungu amsamehe, alikuwa amechangamka. Mtu mwingine angeogopa kurudia mwaka. Yeye alikuwa amepata kitendawili, na masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Mbithe alipofika pale kwa ufunguo," alimuuliza Viraj, "mikono yake ilifanya nini?"

"Mikono? Wewe nawe!" Lakini alifikiri. "Alifinya sweta. Hapa chini. Kama mtu anatafuta kitu kwa nguo."

"Mbithe huwa anavaa leso?"

"Sijawahi ona."

Basi pale pale kwenye ngazi, watu wakiwapita, Nyokabi akajua kuna mtu wa tatu. Mtu huyo ndiye aliyefunga ufunguo kwenye leso. Wengine wawili walimtazama akisimulia mpaka wakayabeba maneno, na vidole vikabeba fundo pamoja nayo.

Kesho yake alifika kwa Mama Okinyi mapema, mafuta hayajashika moto. Hakuzunguka.

"Mama, mtoto mlimzika wapi?"

"Ngoja," Mama Okinyi alisema huku akigeuza samaki, "nitauliza."

Wakatazamana. Ni mama gani huyo wa kuulizia kaburi la mwanawe? Mama Okinyi alijua amemwaga mtama, na kabla hajajizuia, macho yake yaliruka ng'ambo ya njia, kwenye meza ya mboga. Hapo alikaa mwanamke mwembamba akikata sukuma, kisu kikienda haraka bila yeye kukitazama. Alikuwa amejifunga leso iliyopauka.

Nyokabi alikuwa ameshapiga hatua mbili kumwendea. Mkono mzito ulimshika kiwiko.

"Nyathina, mwanangu, usiende huko."

"Ni yeye, sivyo?"

"Keti chini."

Aliketi. Mama Okinyi aliongea kwa sauti ambayo Nyokabi hakujua kama anayo, ndogo, akiangalia samaki wake.

"Anaitwa Everlyn. Baada ya moto walikuja. Wa kwanza alikuwa msichana kama wewe, akalia na yeye, tukasema sawa. Halafu wengine wakakuja. Wa kamera, wa chuo, wa kanisa. Everlyn hajui kukataa mtu. Kila akimaliza kuwaambia, hali, halali, anakaa tu kwa mlango. Tukaona huyu tutamzika. Na hawa watu hata hawajui sura yake, wanaandika tu 'mama fulani'. Sisi tuko na chama, pesa tunapeana kwa mzunguko. Nikawaambia wenzangu, hii nayo tutaibeba kwa mzunguko. Wakiuliza ya moto, anayekuwa zamu anaketi. Mbithe alikuwa zamu, lakini wewe ukaletwa kwangu na sikujua yeye pia ameulizwa. Hatukujua mtatumwa wawili mara moja."

Nyokabi aliona aibu, na aliona pia, maana hakuweza kujizuia, kwamba hicho ndicho kitu cha ajabu zaidi alichowahi kukisikia tangu aanze masomo. Darasani wangekitafutia jina. Kule sokoni kilikuwa zamu tu.

"Mwalimu wangu anakuja Alhamisi," alisema hatimaye. "Anamtaka mwenyewe, la sivyo tutarudia mwaka."

"Basi ataniona mimi."

"Amesoma zote mbili. Hatakubali wewe wala Mbithe."

Ng'ambo ya njia kisu kilikuwa kimesimama. Everlyn alikuwa anawatazama.

Siku zilizobaki Nyokabi alilala vibaya. Jambo lilikuwa jepesi mno, na wepesi wake ndio uliomtesa. Angenyoosha kidole kimoja tu, yeye na Viraj wangetoka safi. Everlyn angesimulia mara moja, kwa mwalimu mmoja mwenye adabu. Mara moja tu. Kisha alikumbuka kwamba kila aliyekuja alisema mara moja tu.

Alhamisi akina mama walikaa kwenye ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki vikiwa mistari miwili. Everlyn alikaa nyuma kabisa. Nyokabi hakumwita, wala hakujua nani alimwita. Dokta Macharia alisalimia vizuri, akauliza habari za biashara na za watoto, kisha akamgeukia.

"Haya, Nyokabi. Mwenye hadithi ni nani?"

Kiti kilikwaruza sakafu kule nyuma. Everlyn alikuwa amesimama. Alikuwa ameinua kidevu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika pembe ya leso kwa nguvu. Hakuna aliyemsukuma. Alikuwa amekuja kumwokoa msichana wa watu asirudie mwaka.

Nyokabi aliongea haraka, kabla yule mwingine hajafungua mdomo.

"Yupo, mwalimu. Hadithi ni ya kweli na mwenyewe yupo. Lakini sitamtaja, na naomba asijitaje. Ameshasimulia vya kutosha. Nipe sifuri."

Viraj, ambaye Nyokabi hakuwa amemwambia lolote, alitazama huku na huku, akainua mkono, akasema yeye pia hatamtaja, ingawa masikini hakuwa na wa kumtaja. Mbithe aliziba mdomo kwa kiganja asicheke.

Dokta Macharia alivua miwani. Alitazama mstari wa nyuma, akamwona mwanamke aliyesimama, akamtazama muda kidogo.

"Mama, keti tu," mwalimu alisema. Kisha akawageukia wanafunzi wake. "Siri ya mteja niliwafundisha mimi. Lakini ripoti mbili zilizofanana siwezi kuzipitisha kwa sababu nimeguswa. Mtarudia."

Aliwashukuru akina mama, akaaga, akaondoka. Viraj alitoka nje kumpigia mama yake simu, na sauti ya mama yake ilisikika hata bila kipaza sauti.

Nyokabi alibaki akipanga viti. Hakuwa shujaa wakati huo. Alikuwa anawaza atamwambia nini baba yake kuhusu mwaka mzima wa karo. Aliposikia hatua, Everlyn alikuwa mbele yake.

"Umefeli juu yangu."

"Nitarudia tu."

"Saa hii hakuna mtu anaandika," Everlyn alisema. "Uliza."

Maswali yote yalikuwa pale, yamepanga foleni: kufuli, mbio, mlango. Nyokabi aliyaona na hakuyataka hata moja. Aliuliza lile ambalo halikuwa katika fomu yoyote aliyopewa.

"Alikuwa anapenda nini? Mtoto."

Kwa ya moto Everlyn alikuwa na majibu yaliyozoea njia. Hili hakuwa ameulizwa na yeyote. Kisha uso wake ukalegea, akacheka, cheko fupi lililomshtua yeye mwenyewe.

"Ivyne? Huyo alikuwa mtundu! Alikuwa ananificha kiatu. Moja tu, hii ya kushoto. Asubuhi nikitaka kwenda job natafuta kila mahali, chini ya kitanda, ndani ya debe ya unga, na yeye amekaa hapo ananiangalia. Alijua siwezi enda Lavington na kiatu moja." Alikuwa bado anatabasamu. "Siku zingine nilikuwa nachelewa mpaka nakosa hiyo kibarua, tunashinda na yeye."

Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Siku hiyo niliipata mapema," alisema.

Nyokabi alivuta kiti kingine, akakaa naye.