Kimeo cha Tatu

Tangu kulipokucha Mardhiya hakutulia mahali pamoja. Alifagia ua, akaufagia tena, akabandika chai na kuisahau mpaka ikakaukia jikoni. Mama mkwe wake, Bi Chausiku, alikuwa amemwita Mzee Bwanausi, mkata kimeo wa Makurunge, aje amkate mtoto wao, Tatu, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Bagamoyo ya siku zile mtoto akikohoa, kimeo, akikonda, kimeo, sembuse huyu wa miaka saba aliyesema kwa king'ong'o hata wageni wakadhani anawadhihaki!

"Akishakatwa atasema kama chiriku," Bi Chausiku alijigamba.

Mardhiya alitamani kuamini. Alikuwa amechoka kumwona mwanawe akirudi kutoka chuo cha Kurani analia, wenzake wamembana pua wakimcheka. Lakini moyo ulimkatalia. Mtoto huyu alipokuwa mchanga maziwa yalimtokea puani. Vidole vyake vilikuwa virefu mno, na ukivisukuma vilipinda kinyumenyume, sawasawa na vya baba yake, Alawi. Kisu cha kooni kingetibu na vidole?

Alipomwuliza mumewe asubuhi hiyo kama mtoto akatwe, Alawi aliinamisha kichwa akaingia chumbani. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuitikia kwa kichwa, na akisema sauti humpitia puani. Bi Chausiku aliwaambia watu kuwa ni homa ya utotoni iliyomharibu, na watu wakaridhika.

"Shikamoo, mzee," Mardhiya alimwamkia mkata kimeo alipowasili.

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mgonjwa?"

Tatu alikalishwa mkekani, bibi yake akamkamata miguu. Mzee Bwanausi akamkandamiza ulimi kwa kijiko, akachungulia, akaguna, akachungulia tena.

"Haya makubwa. Kimeo kimepasuka katikati. Viko viwili."

Mardhiya akainama naye. Kweli vilikuwa viwili, na juu yake kaakaa lilikuwa na mfereji, limebonyea ndani.

"Basi kata vyote," alisema Bi Chausiku.

Kisu kilipoinuliwa, Mardhiya akamdaka mzee wa watu mkono. Hajapata kumpinga mkwewe hata kwa chumvi ya mchuzi. "Hakatwi!"

"Una wazimu, mwanangu? Wataka akue achekwe mpaka lini?" Bi Chausiku alimaka.

"Mwacheni!"

Sauti ilitoka mlangoni, nzito, yote puani. Alawi alikuja akachuchumaa mbele ya mgeni, akafungua kinywa. Mzee Bwanausi akachungulia na humo.

"Wewe ulishakatwa."

"Nilikatwa," alisema Alawi, polepole, akipigania kila neno. "Kabla ya hapo nilikuwa nasema kama Tatu. Watu walinielewa. Baada ya kisu ndiyo nikawa hivi."

Hasira zilimpanda Mardhiya. Miaka yote ameambiwa homa! Kisha akamtazama mumewe, jasho linamtiririka kwa maneno machache tu yale, akamwonea huruma. Mzee Bwanausi alikizungushia kisu kitambaa, akaaga haraka haraka.

Bi Chausiku aliiachia miguu ya mtoto.

"Nilipokupeleka ukatwe nilitaka upone, mwanangu," alisema. "Wallahi nilitaka upone. Mbona miaka yote hii hukuniambia kuwa ni kisu?"

"Kwa kinywa gani, mama?"